Somo la Wageni

Kila nyumba yenye heshima pale Mpanda ina vyombo vya wageni, zile sahani za maua ambazo watoto hawaruhusiwi kuzigusa. Dokta Telesfori, mhadhiri wa udongo katika chuo kimoja pembeni ya mji, alikuwa na somo la wageni.

Lilihusu udongo wenye tindikali, na lilikuwa tamu, hilo tusimnyime. Lilikuwa na makopo mawili yaliyopandwa mahindi, katika moja yamestawi na katika jingine yamedhoofu. Lilikuwa na mzaha wake, na hata swali la mwanafunzi lililopangwa tangu juzi. Wakaguzi wa ubora walipokuja kutoka makao makuu, hata kama mpango wa kozi ulisema wiki hiyo ni mmomonyoko, Telesfori alilitoa somo lake kabatini, akalifuta vumbi, akaandaa. Wakaguzi walishiba, wakaandika "bora sana". Masomo ya siku za kawaida aliyasoma kwenye slaidi alizorithi kwa mtangulizi wake, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba wa asiyemjua.

Safari hii ukaguzi ulikuwa na uzito. Akipita, angekuwa mhadhiri mwandamizi. Mkewe, Dina, hakuwa na subira: alishawatangazia wanakwaya wote wa Nsemulwa, na bodaboda wa kijiweni walishaanza kumwita "Mwandamizi" bila haya. Kushindwa sasa kungekuwa aibu ya kuhama mtaa.

Mkaguzi alishuka kwenye bajaji, mwanamke mrefu, begi begani.

"Shikamoo, mwalimu. Umenisahau? Mimi Esteria, binti Manyanda, wale wenye ng'ombe kule Magamba."

"Marahaba, mwanangu! Karibu nyumbani!"

Mwanafunzi wake wa zamani! Mungu ampe nini tena? Furaha ilimpofusha, asikumbuke kwamba aliyekaa darasani kwake miaka mitatu anajua mpaka kabati la vyombo lilipo.

Esteria akakaa nyuma. Makopo yakapita mkono kwa mkono.

"Udongo ukinuna ni kama mama mkwe," alianza Telesfori, na darasa zima likaangua kicheko, mzaha wenyewe ukiwa bado nusu. Ikabidi aumalizie peke yake. "Usimuulize kosa, mpelekee zawadi. Na zawadi ya udongo ni chokaa." Hakuna aliyecheka tena, maana walishacheka.

"Kuna swali?"

Akamtazama Innocent, kijana aliyepewa swali la mwaka huu. Innocent alikuwa ametoa macho, swali limemtoka kichwani kwa woga. Telesfori akamkonyeza. Wapi!

Mkono ukanyooka nyuma kabisa.

"Samahani, Dokta, kama swali langu ni la kijinga," alisema Esteria. "Hivi mkulima asiye na uwezo wa kupata chokaa, afanyeje?"

Neno kwa neno! Hata ile samahani, ambayo Telesfori aliitunga mwenyewe ili swali lionekane limetoka moyoni. Ndipo alipokumbuka kwamba enzi zile muulizaji alikuwa Esteria.

"Majivu ya jikoni," alijibu Telesfori.

Walipotoka nje, Esteria hakucheka. Afadhali angecheka.

"Mwalimu, hili somo nalikumbuka lote. Shida ni kwamba ndilo pekee ninalolikumbuka. Kesho una kipindi gani?"

"Mmomonyoko."

"Basi nifundishe mmomonyoko. Ripoti nitaandika baada ya hapo."

Jioni alizifungua slaidi akaona aibu, maana nyingine hata yeye hakuzielewa. Akatoka, akasimama nyuma ya nyumba yake, penye korongo linalokula ua wake kila masika. Dina alimwona akilikodolea macho mpaka akamuuliza kama kuna kitu kimedondoka humo.

Asubuhi aliingia darasani bila makopo. Esteria alishakaa nyuma.

"Nyuma ya nyumba yangu kuna korongo," alisema. "Kila mwaka linanilia ua, na mimi mtaalamu wa udongo sijui kwa nini limeanzia pale lilipoanzia. Leo tutaanza na hilo. Tukimaliza, tunakwenda kuliona."

Pakawa na mchakacho darasa zima. Wanafunzi walikuwa wanapekua mifuko na mabegi, wengine wakiazimana, wakitafuta kalamu.

Telesfori akawatazama. Jana, kwenye somo bora kuliko yote chuoni, hakuna hata mmoja aliyetoa kalamu.