Siku Tatu za Kupiga Sakafu

Katika maisha yangu ya ukarani nimekata mistari mingi, na mingi ilistahili kukatwa. Mmoja sitausahau.

Ilikuwa mwaka 1968. Mimi Msabah, kijana wa suruali iliyopigwa pasi, ndiye niliyeandika makadirio ya kamati ndogo ya majengo ya mtaa wetu wa Mji Mkongwe. Nyumba nyingi zilikuwa zimeshakuwa za serikali, na kamati ilitakiwa kuzitengeneza kwa fungu lisilotosha hata kupaka rangi milango.

Ya kwanza ilikuwa ya Bi Ruqaya. Yake, nasema, hata kama hati ilisema vingine. Alikuwa mjane, amebakishiwa chumba kimoja cha juu, na hakutaka kitu duniani ila afie humo alimozaliwa. Mama yangu, Bi Mize, alikuwa shoga yake tangu utotoni. Mimi mwenyewe nimelelewa kwa maandazi ya mikono yake.

Fundi Usi akaniletea mahitaji ya sakafu ya paa, maana mapaa yetu ni bapa: chokaa, kokoto, boriti. Chini akaongeza: wanawake ishirini wa kupiga sakafu kwa vijiti, siku tatu, na mpiga ngoma, na wali na samaki wa kuwalisha. Msimamizi wao: Bi Mize.

Nilipoliona jina la mama nilipandwa na hasira. Watu watasema Msabah anamlisha mama yake kwa fedha za umma. Na ngoma juu!

"Mzee Usi, serikali haifanyi harusi juu ya mapaa."

"Mwanangu, chokaa mbichi lazima ipigwe mpaka ishikane, ndiyo maji yasipite. Wimbo ndio unaowafanya wapige pamoja siku tatu wasichoke."

"Wanaume wawili wataisawazisha kwa ubao."

Nikaukata mstari kwa wino mwekundu. Kamati ikanipigia makofi kwa kuokoa shilingi mia mbili na arubaini, nami nikavimba kichwa.

Jioni mama alikuwa ananisubiri barazani.

"Mimi nshapiga sakafu za mji huu kabla hujazaliwa," alisema. "Ungeniuliza tu."

Nikamjibu kuwa mambo ya ofisi si mambo ya jikoni. Mungu anisamehe.

Masika yalipoingia, Bi Ruqaya akaja ofisini kwa miguu yake, buibui limerowa.

"Shikamoo, Bi Ruqaya."

"Marahaba, baba. Sakafu inavuja. Nnahamisha kitanda kila mvua ikinyesha, na sasa pembe za chumba zimeniishia."

"Fungu la mwaka huu limefungwa, Bi. Ngojea Julai."

"Ntangoja," akasema, akatabasamu. "Maadamu wewe mwanangu ndiye uliyeshika kalamu, sina wasiwasi."

Julai ikafika, na fedha zote zikaenda kwenye nyumba mpya za ghorofa nje ya mji. Niliinua mkono kuunga mkono, kama wenzangu. Bi Ruqaya sikumtaja. Maji huko juu yalikuwa yameshaingia kwenye boriti, na boriti huoza kwa ndani. Ukiitazama kwa chini utadhani nzima.

Masika ya pili, baada ya alfajiri, sakafu ilishuka na mawe yake yote. Bi Ruqaya alikuwa juu ya mswala. Fundi Usi ndiye aliyemtoa, kwa mikono yake, na aliponiona nimesimama mlangoni alinipa mgongo. Afadhali angenitukana.

Mwenyekiti wa kamati alitaka ripoti siku ile ile. Palikuwa na nafasi ya kuandika sababu. Nilikaa na kalamu mpaka chai ikapoa, kisha nikaandika: mvua kubwa. Akatia saini bila ya kuisoma mara mbili.

Siku ya tatu ya matanga nilimkuta mama amekaa peke yake ukumbini, kijiti chake cha kupigia sakafu kimelala mapajani, kimelainika kwa miaka ya viganja vyake. Hakujua kusoma, kwa hivyo aliniuliza.

"Huko ofisini umeandika nini?"

"Mvua, mama."

Akakigeuza kijiti mapajani.

"Kwani mvua Unguja imeanza kunyesha mwaka huu?"

Akainuka, akakiweka kijiti kile mikononi mwangu, akaingia ndani. Mpaka anakufa hakuniuliza tena habari za ofisi.