Supu Nyeusi ya Jumapili

Kazimierz Wrobel alikuwa analipwa kupiga mayowe, na mayowe yenyewe hata hakuyapiga. Yalikwisha kurekodiwa kwenye tepu. Kazi yake ilikuwa kufungwa mikanda kwenye kiti mbele ya mgeni, atie huruma kidogo, kisha mlango ukirudishwa ajifungue mwenyewe na kukaa kimya wakati sauti yake inalia. Mgeni, upande wa pili wa ukuta, aliambiwa kwamba lile ni jaribio la kumbukumbu: mwanafunzi akikosea mpige umeme, na kwa kila kosa umwongezee. Umeme haukuwepo. Profesa mwenye jaribio alitaka tu kujua mtu wa kawaida atatii mpaka wapi akiamrishwa na bwana aliyevaa koti la maabara.

Huo ulikuwa mwaka wa sitini na mbili, Connecticut, Marekani. Mchana Kazimierz alikuwa fundi kwenye kiwanda cha makufuli. Nyumbani alisema ana kibarua cha jioni chuoni, basi. Profesa alikataza kusema zaidi, na Kazimierz hakuwa mtu wa kubishana na maprofesa.

Jioni moja akaletwa kijana Mwairishi mwenye nywele nyekundu, Desmond Tierney, wa kiwanda cha saa. Bwana Koti alikuwa anaandaa vikaratasi vya kura ya nani awe mwalimu na nani mwanafunzi, vyote viwili vimeandikwa "mwalimu" ili mgeni asiangukie kwingine. Kijana akamwinamia Kazimierz kama watu wanaosubiri zamu kwa kinyozi.

"Hela ya leo namnunulia mkwe sigara," akasema. "Jumapili ndiyo naenda kujitambulisha kwa kina Jadzia. Nasikia mzee wake hacheki hata ukimtekenya."

Kazimierz akageuka kumtazama vizuri. Jadzia alikuwa mwanawe wa pekee, na kwa miezi mizima alikuwa akimficha huyo mchumba wake. Sharti la kazi lilikuwa wazi: ukimjua mgeni, sema, arudishwe kwao. Kazimierz hakusema. Ni baba gani aliwahi kuletewa mkwe na mtihani wake kwa pamoja? Tena alikuwa na sababu. Kule kwao Poland, wakati wa vita, kaka yake alikuja kuchukuliwa na polisi wa kijiji hichohicho, mtu waliyezoea kula naye. Alipoulizwa kwa nini, polisi yule alijibu neno moja tu: nimeagizwa. Kazimierz aliapa mtu wa namna ile hataingia tena mlangoni mwake.

Basi akakaa nyuma ya ukuta, roho juu. Tepu ikaanza kuguna, kisha kulalamika moyo, kisha kuomba kutolewa. Goma mwanangu, akasema kimoyomoyo, goma uondoke. Akasikia kiti kikisukumwa. Kijana alisema mtu huyu anaumwa, jamani, nendeni mkamtazame. Bwana Koti akamjibu kwa upole kwamba jaribio linataka aendelee. Kijana akaendelea. Akacheka kicheko kibovu kisicho na furaha, kisha akalia kabisa, akawa anaomba radhi ukutani: "Nisamehe, Bwana Novak," maana ndilo jina la uongo alilopewa Kazimierz. Kazimierz aliinuka, akaenda mlangoni, akarudi. Akaenda tena, akashika kitasa, akakiachia. Alikuwa amekatazwa kutoka mpaka aitwe. Kijana alifika swichi ya mwisho ya umeme, wakati tepu ilikuwa imenyamaza kitambo kama maiti.

Alipoitwa alitoka anatabasamu, kama ilivyokuwa desturi, akamwambia kijana kwamba umeme haukuwepo, akatoa mkono. Desmond aliushika kwa mikono yake miwili, akaugeuza akitafuta alama za kuungua, na alipozikosa akalia upya. Kazimierz hakuyaona machozi hayo. Alimwona yule polisi wa kijijini kwao. Nyani, lakini, haoni kundule.

Nyumbani alimwambia mkewe, Helena, kwamba Jumapili apike supu nyeusi, ile ya damu ya bata. Kwa watu wa kwao, mchumba akiwekewa supu hiyo ameshajibiwa: achukue kofia yake aende. Helena akauliza kijana wa watu kakosa nini. Akaambiwa apike tu. Akapika, roho inamuuma.

Jumapili mlango ulipofunguliwa, Desmond alibaki ameshika boksi la sigara kifuani, salamu imemkauka mdomoni. Kazimierz akamwambia akae, akakaa. Akamwambia ale, akala. Mwairishi yule hakujua supu ile inasema nini, akawa anainywa bila kuinua macho.

Jadzia alitoka jikoni na mkate, akaiona rangi ya supu, akasimama.

"Kakosa nini, baba?"

"Muulize mwenyewe. Kampiga mtu umeme mpaka mtu kanyamaza. Kisa kaambiwa."

"Aliniambia siku ileile. Mpaka leo halali vizuri." Akamkazia macho. "Wewe umejuaje?"

"Ndiye yeye, Jadzia," Desmond akasema taratibu. "Ndiye Bwana Novak."

Jadzia akauweka mkate mezani. Kazimierz alisubiri amgeukie kijana. Akageukiwa yeye.

"Ulijua ni mchumba wangu?"

"Nilijua."

"Ukamsikia analia?"

"Nilimsikia."

"Walikufungia mlango?"

"Haukufungwa."

"Sasa ilikushinda nini kutoka ukamwambia u mzima?"

Jibu alikuwa nalo, na lilimtoka kabla hajalipima. "Profesa alikataza."

Kazimierz aliyasikia maneno yake mwenyewe, akaona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu azaliwe. Sauti ile aliijua. Aliwahi kuisikia kule kijijini, mlangoni kwao, siku aliyochukuliwa kaka yake.

Desmond aliweka kijiko chini na kulisukuma bakuli mbali naye. Safari hii hakuna aliyemwambia.

Jadzia akachukua bakuli jingine safi, akachota supu kutoka kwenye sufuria mpaka likajaa, akaliweka mbele ya baba yake.

"Kula, baba," akasema.

Kazimierz akashika kijiko.