Treni ya Asubuhi kutoka Bhayandar

Miaka kumi na sita Vrinda Pednekar alikaa Sharjah, na hakukosa hata mara moja sherehe ya kupandisha bendera ya India. Kila Agosti alivaa sari ya pamba aliyopewa na mama yake, akabandika kibendera kifuani, na wimbo wa taifa ulipoanza tu machozi yakamtoka. Nishikant, mumewe, alizoea kumpa leso mapema. "Haya, anza," humwambia. "Usitucheleweshe chakula."

Kazi yake ilikuwa kupima damu katika maabara ya zahanati. Maisha yalikuwa mazuri, hakuwa na la kulalamikia. Lifti ilifanya kazi, maji hayakukatika, na majirani walisalimiana kwa kutikisa kichwa. Lakini alipokaa peke yake na kikombe cha chai, moyo wake haukwenda kwenye bendera. Ulikwenda kwenye behewa la wanawake la treni ya Bhayandar, kitongoji cha kwao, behewa alilolipanda kila siku kabla hajaolewa. Asubuhi wanawake walisukana nywele humo, wakagawiana vishada vya yasmini. Jioni walimenya njegere mapajani, ili wakifika nyumbani wabandike sufuria moja kwa moja. Humo ndimo Vrinda alimojifunza kufuma sweta, kugombania kiti, na kulala akiwa amesimama.

Kisha ikaja ile jioni ya Julai, mvua ikinyesha kule nyumbani. Vrinda alikuwa akisukuma chapati Nishikant alipoita kutoka sebuleni, "Vrinda! Acha hizo, njoo!" Kwenye televisheni kulikuwa na behewa lililopasuka ubavu mzima. Mabomu yalikuwa yamelipuka kwenye treni za watu wanaorudi kutoka kazini, kwenye reli ile ile, saa zile zile ambazo Shirish, mdogo wake, hurudi nyumbani.

Alipiga simu mpaka kidole kikauma. Laini hazikushika. Kulipopambazuka ndipo aliposikia sauti ya mama yake.

"Amefika, mwanangu. Ametembea juu ya reli usiku kucha. Miguu imeumuka kama maandazi. Amekunywa chai, amelala."

Vrinda akakaa chini pale pale sakafuni.

"Lakini Dabholkar hatunaye," mama akasema.

Dabholkar alikuwa rafiki wa Shirish wa treni. Kila asubuhi, miaka nenda miaka rudi, walicheza karata juu ya mkoba uliolazwa magotini. Vrinda alimjua vizuri: mtu wa tumbo kubwa na kicheko kikubwa zaidi, aliyembebea mizigo jukwaani enzi za usichana wake. Jioni ile Shirish alibaki kumalizia kazi ofisini. Dabholkar hakumsubiri, maana mkewe alikuwa ameahidi kukaanga bajia.

Asubuhi iliyofuata treni zilijaa kama kawaida. Huko Sharjah Wahindi walitembea vifua mbele. "Mmewaona wananchi wetu? Magaidi wameula wa chuya!" Vrinda naye alisema hivyo hivyo, kazini na nyumbani, mpaka alipompata Shirish kwenye simu.

"Sote huku tunajivunia nyinyi," akamwambia.

"Mnajivunia nini?"

"Ujasiri wenu. Juzi mabomu, leo mmepanda treni!"

"Dada, nisipokwenda nakatwa mshahara. Ujasiri gani? Nilikojoa mara tatu kabla sijatoka nyumbani."

Tangu siku hiyo Vrinda hakuwa na raha. Alimsumbua Nishikant mpaka akampatia Shirish nafasi ya kazi ghalani kwenye kampuni aliyofanyia kazi, na Desemba Vrinda alipopata likizo, akapanda ndege kwenda kumchukua. Hakuwa na shaka kwamba angekubali.

Shirish alisikiliza mpaka mwisho, akiwa anakula. Kisha akasema hapana.

"Kwa nini?" Vrinda akauliza. "Kwa ajili ya nchi?"

"Nchi!" Shirish akacheka, wali ukamkwama. "Nyie wa ng'ambo mna mambo. Nyie mkisikia wimbo wa taifa mnasimama. Sisi tumesimama tangu Bhayandar, hakuna pa kukaa."

"Mimi sifanyi mzaha. Nilikesha nikidhani umekufa."

"Najua, dada."

"Hujui! Wewe ulikuwa hapa. Mimi nilikuwa na simu tu mkononi."

Mama yao akaondoa vyombo. Siku mbili zilizofuata dada na kaka walizungumza kupitia kwake: mwambie binti yako maji yamechemka, mwambie mwanao nimeshaoga.

Siku ya tatu Shirish akamfuata barazani. "Nina shida," akasema. "Si ya kwangu. Ofisi ya Dabholkar imempa mkewe kazi. Kesho ndiyo anaanza. Sushama hajawahi kufanya kazi ya ofisi, na tangu Julai hajaikaribia reli. Mimi siwezi kuingia naye behewa la wanawake, watanipiga viatu. Nenda naye wewe."

"Mimi?"

"Si unalipenda hilo behewa? Kila simu unaniuliza kama bado wanamenya njegere."

Kesho yake Vrinda alimkuta Sushama jukwaani, mwanamke mwembamba mwenye sari ya kijivu, amekumbatia kibati cha chakula kama mtoto mchanga. "Wifi, nimekusumbua," akasema. "Hunisumbui hata kidogo," Vrinda akajibu.

Treni ya kwanza iliingia na wanawake wananing'inia mlangoni. Sushama akarudi nyuma. Ya pili ilipokuja alisogea, akashika mkono wa Vrinda, kisha akauachia. "Siwezi. Ananukia humo ndani," akasema. "Mafuta yake ya nywele. Nayasikia." Vrinda alitaka kumwambia neno la kumpa nguvu. Maneno aliyokuwa nayo yote yalikuwa ya hotuba, ya wananchi na ushindi. Akaona aibu kuyatoa.

"Wifi," akasema, "mimi pia naogopa. Miaka yote hii nimekuwa napanda lifti."

Sushama akamgeukia, akamtazama kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Basi tufanyeje?"

Hawakupata nafasi ya kuamua. Treni ya tatu ilifika na umati wa nyuma yao ukawabeba. Mkono mmoja wenye bangili ukamdaka Sushama kwapani, sauti ikafoka, "Mama, unapanda au unapiga picha? Vuta pumzi, ingia!" Mara wakajikuta ndani. Vrinda kakanyagwa vidole, nusu ya sari yake iko kwa mtu mwingine.

Na humo ndani kulikuwa vile vile. Harufu ya poda, nywele mbichi na vitunguu vya vibati vya chakula. Msichana mmoja akimsuka mwenzake huku wote wawili wamesimama. Kwenye kona wengine wakiimba nyimbo za ibada na kupiga makofi, na katikati ya ibada mmoja akikatiza kugombana na aliyemwegemea. Vrinda akapumua. Hakutegemea kwamba kitu alichokililia kwa miaka kumi na sita kingemkanyaga vidole kiasi hicho.

Mwanamke mnene aliyekaa karibu na dirisha akamsukuma Sushama kwa kiwiko. "Kibati chako kinanichoma mbavu! Kipeleke huko!"

"Nikipeleke wapi?" Sushama akafoka ghafla, kwa sauti ambayo Vrinda hakujua anayo. "Kichwani? Mbavu zako zimejaa behewa zima, kibati changu kikae wapi?"

Wanawake wakaangua kicheko, na yule mnene akacheka kuliko wote. "Huyu mpya ana mdomo," akasema. "Haya, njoo ukae nusu." Akasogea, Sushama akapata mahali pa kuweka paja moja.

Baadaye treni ikapunguza mwendo. Nyimbo kwenye kona zikateremka sauti. Wanawake kadhaa wakagusa vipaji vya nyuso zao, haraka haraka, bila kuacha walichokuwa wakifanya.

"Ni hapa?" Sushama akauliza.

Mwanamke mnene akamtazama shingo isiyo na mkufu wa ndoa, akaelewa. "Ni hapa, mdogo wangu," akasema. Akamshika mkono, na Sushama akatazama nje: ukuta, nguo zilizoanikwa, watoto waliochuchumaa wakipiga mswaki. Machozi yalimshuka, hakuna aliyemwambia anyamaze. Reli ikapinda, pale pakabaki nyuma, na kwenye kona makofi yakaanza upya.

Vishada vya yasmini vilipopitishwa, msichana aliyevigawa akasita mbele ya mjane, maana kwao mjane havai maua. Sushama akanyoosha kiganja mwenyewe. Hakuvaa. Alivinusa, akavitia kwenye mkoba.

Churchgate, kituo cha mwisho, walimwagika nje kama mchele. Vrinda alitaka kumsindikiza mpaka ofisini, lakini Sushama tayari alikuwa ameshikana mikono na yule mnene. "Jioni usinisubiri, wifi," akasema. "Huyu atanishikia nafasi. Kasema nilete njegere."

Vrinda akanunua mkate wenye kachori ya viazi, akasimama kando ya nguzo, akampigia Nishikant.

"Ile nafasi ya ghalani mpe mtu mwingine," akasema.

"Shirish amekataa?"

"Amekataa, na sitamwuliza tena."

"Mbona makelele hivyo? Uko wapi? Unalia?"

"Nimekanyagwa," Vrinda akasema, mdomo umejaa pilipili, na umati wa treni nyingine ukampita huku na huku, ukimsukuma na kumtukana kwamba kasimama njiani.