Kilio cha Kanze

Kanze alijitupa chini, mchanga ukamjaa kinywani, na mzungu akazidi kuzungusha mkono wa mtambo wake wa picha, uso umemng'aa.

Ilikuwa mwaka 1913, kando ya mto Sabaki. Mzungu huyo, Bwana Holmer, alitoka Ulaya kutengeneza sinema ya mama aliyefiwa na mwanawe, na Kanze, Mgiriama muuza mihogo, ndiye aliyechaguliwa kuwa mama. Lakini asubuhi nzima kila alipoambiwa alie, aliangua kicheko, hata wapagazi wakashika mbavu. Ndipo Holmer alipomvuta kando baba yangu, Mbaruk, mkalimani wake.

"Mwambie mwanawe aliye Mombasa kafa."

Baba, Mungu amrehemu, alikuwa hodari wa lugha na mwoga wa kila mwenye kofia. Alimwambia.

Picha ilipokwisha akampigia magoti. "Mama Kitsao, nisamehe. Ni uongo wa sinema. Kitsao yu hai."

"Uongo ni upi, Bwana Mbaruk? Ule au huu?"

Akanyoa nywele, akakaa matanga. Maji yakimwagika hayazoleki. Ikambidi baba amfuate Kitsao bandarini Mombasa, akamleta hadi mlangoni. Kanze alimpapasa mwanawe uso mzima, akacheka tena. Baba hakuweza kumtazama.

Sinema ile ilimpandisha Holmer daraja. Nimesoma kwamba hata uzeeni, alipotunukiwa huko kwao, aliulizwa habari za mama yule anayelia, akajibu kuwa alikuwa na kipaji cha kuzaliwa. Baba yeye, kila aliposikia kilio msibani, aliondoka. Sisi wanawe tulidhani ana roho ngumu.

Vita vikaja. Kitsao akachukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, akafa kwa homa huko kusini. Habari ilipofika, baba alisema ataipeleka mwenyewe.

Alimkuta Kanze akitwanga mahindi. Akamweleza, na aliyelia ni yeye baba.

Kanze alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akatabasamu, akachungulia nyuma ya mgongo wa baba, akaangaza vichakani.

"Leo mzungu wako umemficha wapi?"

Baba aliapa kwa jina la Mungu. Kanze akamwonea huruma, akamletea kigoda akae. Halafu akaongeza mahindi kinuni, ya Kitsao, asije akarudi na njaa.