Picha ya Watoto Waliolala

Watoto walio kwenye picha ile walikuwa wamelala kwa sababu walikuwa wameshiba. Walicheza asubuhi nzima, wakanywa uji, nikawaosha miguu, wakajilaza kwenye mkeka mmoja baada ya mwingine. Mtoto mdogo hulala mchana. Hata aliyezaa mara moja tu analijua hilo. Lakini juu ya picha mtu alikuwa ameandika hivi:

"Wazazi wa Kware amkeni! Huyu mama anaitwa Perez anawapea watoto wenu dawa ya mafua ndio walale, yeye abaki akisoma vitabu zake. Tuma kwa kila mzazi."

Niliyasoma nikiwa nimesimama mlangoni, mtoto wa mtu mgongoni. Kilichonichoma zaidi ni yale maneno ya vitabu, kwa sababu yalikuwa ya kweli. Watoto wakilala mimi husoma. Niliacha shule darasa la saba, na sasa, watoto wangu wote wakiwa na nyumba zao, ninasoma masomo ya jioni katika shule moja ya msingi mtaa wa Tena, nikijiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne. Ploti nzima, wapangaji wote, inajua. Aliyeandika aliuchukua ukweli huo mmoja akaufunga pamoja na uongo wake, ili wanaonijua waseme, eh, kweli, huyo ni yeye.

Na picha ilikuwa yangu. Akina mama wanaoniachia watoto wengi wao hufanya kazi viwandani, na huruhusiwa kushika simu wakati wa chakula tu. Kwa hivyo kila mchana watoto wakishalala mimi huwapiga picha na kuituma kwenye grupu letu, kila mama amwone wake. Sasa picha niliyoituma ili mama atulie ndiyo iliyokuwa ikizunguka mtaani kunifanya muuaji.

Ukurasa uliitwa Kware Leo Leo. Mwenye ukurasa ni Frankline, kijana anayetengeneza simu kwenye kibanda kando ya ploti yetu. Ni mtoto wa Mama Lenah, mwenyekiti wa akina mama kanisani kwetu. Jioni, watoto walipokwisha kuchukuliwa, nilishuka kwake.

"Niaje mathe," akasema bila kuinua macho kutoka kwenye simu aliyokuwa akiifungua.

"Frankline, toa uongo huo."

"Uongo gani? Ah, hiyo. Mathe, si mimi nimeandika. Mimi ni admini tu. Watu wananitumia inboksi, mimi naweka."

"Nani amekutumia?"

"Siwezi choma mtu kwa kumtaja. Lakini si wewe pia uandike yako? Nitaiweka. Hiyo ya kwanza inaenda poa sana. Ukijibu itaenda hata zaidi."

"Inaenda poa?"

"Watu wanasoma, mathe. Ona." Akanigeuzia simu yake. Maoni yalikuwa yakimiminika. Mmoja aliuliza ninakaa ghorofa ya ngapi. Mwingine alisema tairi ipo, petroli watu wachange. Frankline akacheka kidogo. "Hao ni mdomo tu. Usiogope."

Nilitaka kukipindua kibanda chake na simu zake zote. Nilimwomba Mungu anishike mikono, naye alinishika, kwa sababu nilipanda ngazi kurudi kwangu bila kuvunja kitu. Moyo hakuushika. Moyo aliuacha uchemke.

Kesho yake watoto walikuwa wachache. Benta hakumleta mwanawe Owiti, mtoto niliyemlea tangu hajaweza kukaa. Alimtuma dada yake kuchukua nepi na kikombe cha mtoto. Dada huyo alisimama nje, hakutaka hata kukanyaga kizingiti changu.

"Benta anasema nini?" nikamuuliza.

"Amesema nichukue vitu."

"Hakusema kitu kingine?"

"Mama, mimi nimetumwa tu."

Kufikia mwisho wa wiki mkeka ulikuwa mtupu, isipokuwa mtoto wa Vivian, binti anayeuza mitumba na asiye na mwingine wa kumwachia. Kazi yangu haina bango wala cheti ukutani. Ina jina langu tu. Mama akiwa kazini hawezi kuona ninachomfanyia mtoto wake. Ananiamini au haniamini. Jina likiharibika, kazi imekwisha.

Nikapiga magoti nikaomba. Kisha nikaandika kwenye grupu la akina mama wa kanisa. Kwetu mtu haandiki tu kwamba ana haja. Mama Lenah hutukumbusha kila mara: "Dada, fungua moyo, tuombe tukijua tunachoomba." Basi nikafungua. Nikaeleza yote, nikaweka na ile picha pamoja na maneno yake, nikaandika, "Nimesingiziwa, niombeeni." Sikumwambia Mama Lenah kwamba ukurasa ni wa mwanawe. Nilimstahi, na kijana alikuwa amesema aliyeandika ni mtu mwingine.

Amina zilimwagika. Mama Lenah mwenyewe alituma ombi la sauti. Alimlilia Mungu, akaomba mkono ulioandika maneno yale ukauke hadi begani. Nami nikasema amina, tena kwa nguvu.

Jumapili, nje ya kanisa, mama mmoja mgeni kutoka tawi letu la Huruma alinikumbatia kwa machozi.

"Bwana asifiwe, dada Perez! Walikuachilia lini?"

"Kuniachilia wapi?"

"Si tulikuombea ukiwa ndani! Tulifunga hata chakula."

Nilimwomba anionyeshe. Ombi langu lilikuwa limepita kwa kwaya, likapita kwa vijana, likafika Huruma, likaingia katika magrupu ya makanisa ambayo sijawahi kuingia milango yake. Kila aliyelituma, Mama Lenah akiwemo, alikuwa ameongeza kidogo ili maombi yapate moto. Neno "nimesingiziwa" lilikuwa limeanguka njiani. Lililofika lilisema hivi: "Tumwombee dada Perez wa Kware aliyekamatwa kwa kuwapa watoto dawa. Mungu ni wa rehema." Picha ilikuwa hapo chini. Ukurasa wa Frankline ulisomwa na watu wa Kware. Hili lilikuwa limesomwa Nairobi nzima, na waliolieneza walikuwa wamepiga magoti.

Sikuingia ibadani siku ile. Nilirudi nyumbani kwa miguu, na njia nzima nilikuwa nikizungumza na Mungu kwa namna ambayo sitaiandika hapa.

Darasani Jumatatu jioni Mwalimu Ng'ang'a aliona siandiki chochote. Nilipomweleza, hakuniambia nitulie.

"Umemjibu kwenye ukurasa wake?"

"Bado. Lakini nina maneno ya kumwambia."

"Baki nayo kwanza. Usimjibu, na usimwombe afute kabla hujahifadhi ushahidi. Piga skrinshoti, jina la ukurasa na tarehe vionekane. Hata hayo maoni ya kuchomwa kwa tairi. Yapeleke yachapishwe, kisha uende polisi. Kuchafua mtu mtandaoni kuna sheria yake."

"Na kanisa je, mwalimu?"

Alikuna kichwa. "Hapo mama, sijui sheria gani inaingia."

Nilikuwa nikipanga karatasi hizo mezani Vivian alipokuja kumchukua mtoto. Aliziona, akaketi bila kukaribishwa.

"Mama Perez, ni mimi."

"Wewe umefanya nini?"

"Picha. Niliiweka kwenye stetasi yangu. Niliandika tu, mtoto wangu analala kama malaika. Frankline ana namba yangu, alinitengenezea simu. Aliiona akaniuliza nani analea hao watoto. Nikamwambia ni wewe, unasoma hata vitabu ukiwa nao. Nilikuwa nakusifu, Mama Perez! Naapa!" Alikuwa akilia sasa. "Nilipoona kwenye ukurasa nikamuuliza. Akasema habari za watoto kulazwa kwa dawa ndizo watu wanataka siku hizi, na nikiongea ataniweka na mimi."

Kwa hivyo hakukuwa na mtu wa inboksi. Hakukuwa na mzazi mwenye hofu. Kijana aliyekulia mbele ya macho yangu alikaa kibandani akatunga kwamba ninawatia watoto sumu, kwa kuwa siku ile hakuwa na kitu kingine cha kuweka.

"Utayasema haya polisi?" nikamuuliza Vivian.

"Naogopa."

"Mimi pia naogopa. Jifute machozi, twende."

Afisa aliyetusikiliza alizipekua karatasi zangu moja moja. "Wengi hufika hapa na hasira tu, mama, posti ikiwa imeshafutwa," akasema. Aliandika maelezo yangu, akaandika ya Vivian, akanipa nambari ya kesi. Frankline alipoitwa, aliifuta posti siku hiyo hiyo. Kisha akanitumia ujumbe: "Mathe si tuongee kama watu wa mtaa." Sikumjibu. Niliupiga skrinshoti.

Alhamisi ni siku ya ushirika wa akina mama, na zamu ilikuwa nyumbani kwa Mama Lenah, huko Tena. Nilifika nikakuta chai imemiminwa, na viti vyote vimejaa. Mama Lenah alinishika mikono yote miwili.

"Dada Perez, mtoto amekosa. Amefuta. Amelia mbele yangu. Sasa wewe ni mama wa maombi. Nenda uondoe kesi, tulifunge jambo hili hapa mbele za Bwana."

"Uliomba mkono wake ukauke," nikasema.

"Sikujua ni wa Frankline!"

"Kwa hivyo wa mtoto wa mwenzako ungekauka tu?"

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajifanya anakohoa.

"Lakini dada, sisi tulikuombea," akasema mwingine. "Tuna kosa gani?"

"Mliniombea kwa Mungu au kwa magrupu? Mungu hakuhitaji kutumiwa picha yangu. Frankline aliandika ninawapa watoto dawa. Nani aliandika nimekamatwa? Frankline hakuandika hilo. Liliandikwa humu, na watu walioshika Biblia."

Nikakisogeza kando kikombe cha chai nilichowekewa.

"Kusamehe nitasamehe," nikaendelea. "Mungu anafanya kazi hiyo ndani yangu na hajaimaliza, msimharakishe. Kesi siondoi. Na leo sitaki kuombewa. Nataka kila mmoja atoe simu yake, afungue kila mahali alipotuma habari yangu, aseme kwa sauti yake mwenyewe kwamba si kweli. Kwa sauti, ili watu wajue ni nani anasema."

"Hapa? Mbele ya watu?" akauliza Mama Lenah.

"Ulituma mbele ya watu."

Hakuna aliyesogea. Nikafikiri nitasimama niondoke, na kanisa pia nitakuwa nimelipoteza. Kisha yule aliyecheka nyuma akatoa simu yake kwenye mkoba. Akasema jina lake, akasema alilotuma, akasema si kweli. Baada yake wakafuata wengine, sauti zikigongana sebuleni, mtu akimwambia mwenzake anyamaze kwanza amalize yake. Mmoja alianza kuongeza mahubiri nikamkatiza. "Sema ni uongo tu, dada. Inatosha."

Mama Lenah alikuwa wa mwisho. Alianza, akafuta, akaanza tena.

"Bwana asifiwe. Mimi ni Mama Lenah. Nilituma kwamba Perez wa Kware amekamatwa kwa makosa. Hana makosa. Hajampa mtoto yeyote dawa. Aliyetunga ni mwanangu Frankline, na mimi nikamsaidia kueneza."

Hilo la mwanawe sikuwa nimemwomba aliseme. Alipomaliza aliniangalia, na nilijua anangoja nimkumbatie. Nilijaribu. Mikono haikuinuka. Nilimshukuru, nikachukua mkoba wangu, nikaenda darasani.

Jumamosi mchana nilikuwa nikianika nguo simu ilipolia. Alikuwa Benta.

"Mama Perez, nimepata sauti ya mama mwenyekiti kwenye grupu la kwaya yetu. Nimeisikiliza mara mbili." Kisha akauliza: "Mama Perez, bado umekasirika?"

"Sana."

"Ningekupigia siku ile. Niliogopa."

"Ungenipigia."

"Basi nisimlete Owiti Jumatatu?"

Nilibana shati kwenye kamba, nikabana na la pili.

"Mlete," nikamwambia. "Mtoto hajanikosea."