Sindano ya Tatu

Kila Alhamisi ilikuwa zamu ya Paschal kufungua maji ya ndiva, bwawa linalomwagilia tangawizi za kitongoji kizima. Hakuna anayekosa zamu yake. Ndiyo maana Rogathe, mkewe, alimwomba nesi ampangie sindano zake Alhamisi.

Mimba mbili zilikuwa zimeharibika. Hii ya tatu ilikuwa na miezi mitano, na kliniki walimkuta na kaswende. Nesi Irine alimweleza bila haraka: sindano tatu, moja kila wiki, na mume naye atibiwe, la sivyo angemwambukiza upya. Rogathe alishachomwa mbili.

Jumatano Paschal aliikuta kadi ya kliniki imefichwa ndani ya kitabu cha nyimbo cha mkewe.

“‘Mwenzi atibiwe.’ Mwenzi ndiye mimi? Mimi hata mafua siugui!” Alimpiga kwa mwiko mpaka ukavunjika, kisha kwa ngumi. “Ugonjwa huu umeutoa kwa nani? Kwa wafugaji wa mnadani?”

Asubuhi alimfungia kwa kufuli, akaenda kwenye maji. Rogathe aling'oa mbao mbili za dirisha la jikoni, akatoka, mkono wa kushoto ukining'inia.

Njia ya zahanati ilipita juu ya shamba lao. Nyingine haikuwepo.

“Paschal, maji yako!” jirani yao Tumainieli alipaza sauti. “Yote yanaingia kwangu! Asante, lakini!”

Paschal hakugeuka. Alikuwa amemwona mkewe, anapanda kilima mbio na jembe. Alimkamata shingoni, akambwaga. Rogathe alijikunja juu ya tumbo, mateke yakamwishia mgongoni.

“Hiyo mimba utaitapika leo!”

Akaweka jembe chini ili amkabe kwa mikono miwili. Mkono mzima wa Rogathe ukaufikia mpini. Alimpiga mara moja, kichwani, akaondoka na jembe.

Zahanatini, Nesi Irine alipouona mkono alikimbilia bandeji.

“Sindano kwanza, nesi.”

“Mama, huu umevunjika.”

“Sindano.”

Alipokwisha kuchomwa, alisema, “Mume wangu yuko njiani juu ya shamba letu, amepasuka kichwa. Watamleta. Mkishamshona, mpimeni.”

Walimleta kwa machela, Tumainieli akiwa mbele. Nyuzi tisa. Kisha Irine alimtoboa kidole, akasubiri, akamwonyesha kipimo.

“Damu hii ni yako, Baba. Una kaswende. Nikuchome, nisikuchome?”

Paschal alimtazama mkewe. Rogathe alikuwa amekaa kwenye benchi la mlangoni, jembe miguuni pake.

Paschal akageuka kifudifudi, akalegeza mkanda.