Kosa la Jumanne

Dada yangu mdogo ni muuguzi wa wodi ya watoto. Mwezi uliopita, siku ya Jumanne, mtoto mmoja alipewa dawa mara mbili. Alipona, lakini muuguzi mkuu aliwakusanya wauguzi wote akauliza ni nani. Dada akanyoosha mkono.

Jumanne hiyo alikuwa likizo. Alikuwa kwangu, anamenya viazi.

"Jamani, kwa nini?" nilimuuliza.

"Kaka, kile kimya kilizidi."

Nikamwelewa, na hilo ndilo lililoniudhi. Baba yetu ni mhubiri. Kila jioni, kabla ya kula, alisimama mlangoni pa jikoni na kutuuliza mmoja mmoja: "Leo umekosa nini?" Ukisema huna, umeongeza la uongo, na nyumba nzima haili mpaka ulitapike. Kubali yaishe, ndiyo iliyotulea. Basi tulitunga. Mimi nilikuwa fundi: wivu Jumatatu, uvivu Jumatano. Dada, maskini, aliyaamini aliyoyatunga.

Nilipeleka karatasi ya likizo mwenyewe. Muuguzi mkuu alishika kiuno. "Nilishaandika barua ya kumfukuza!" Akaichana, kwa sharti kwamba Dada aonane na daktari wa akili. Daktari akampa zoezi moja: aende kwa Baba, aulizwe, ajibu hana. Akishindwa pale, wodini atakiri tena, na safari hiyo karatasi ya kumwokoa haitakuwepo.

Jumapili tukaenda. Mimi nilikuwa msindikizaji tu. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Baba siku hizi anatembelea fimbo, lakini mlango ni uleule. Chakula kilikuwa mezani.

"Leo umekosa nini?"

"Leo sina kosa, Baba." Nilifurahi nusura nipige makofi.

Baba hakugomba. Alingoja. Kungoja anakuweza, mzee yule. Dada alishika kiti kwa mikono miwili, akanyamaza naye. Mchuzi ukaanza kuganda.

"Ni mimi, Baba," nikasikia mtu anasema. "Nimemwonea Dada wivu."

Nina miaka hamsini na miwili. Hata huo wivu sikuwa nao.

"Haya, tuleni," Baba akasema, akavuta kiti.

Dada alinisogezea sahani. "Kaka," akaninong'oneza, "daktari yupo hata Alhamisi."